Ruhusa ya Karatasi za Chembe

Ghorofa ya Pili, Mlango wa Kijani,
Juu ya Duka la Vitambaa,
S.L.P. 318.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, viatu umevua na miguu umeinyoosha juu ya kiti. Nakujua wewe. Barua zangu unazisoma umesimama jikoni, sufuria ikiwa motoni, halafu unaniandikia kuniuliza mambo niliyokwisha kukueleza. Hii naomba uisome ukiwa umetulia.

Mgongo unaendeleaje? Ulisema wamekuweka wodi ya wagonjwa wasioweza kujigeuza wenyewe, na kwamba mko wauguzi wawili kwa vitanda kumi na vinane. Kama bado hali ni hiyo, lazimisha wakupe mtu wa tatu. Usione haya kudai. Na yule mwenzako wa chumba anayekoroma, mmeelewana, au bado unalala na mto juu ya kichwa?

Sisi huku hatujambo. Baba goti linamsumbua asubuhi, ikifika saa nne linamwachia, naye anasema goti lake lina tabia ya mwanafunzi mtoro, halipendi kipindi cha kwanza. Bado analisahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu na kuliwekea alama chini ya ukurasa wa mwisho. Jana lilipata arobaini na moja kwa mia. Mimi pia mzima. Kiwandani tumepokea kazi ya kuchapa vitabu vya shule, nasoma prufu, kurasa za kusahihisha, tangu asubuhi mpaka naona herufi zinatembea zenyewe.

Chembe wako hajambo. Nasema hajambo na ni kweli, ila barua hii karibu yote ni yake, na ndani yake kuna sehemu ya kukuomba radhi. Katika barua yako ya mwezi wa tatu uliniagiza nimnyang'anye karatasi zake zote mpaka alama zake za shule zipande. Niliitekeleza amri yako siku ileile. Leo nakuandikia kukuomba uiondoe. Sababu yangu ni ndefu kidogo, kwa hiyo tafadhali usiruke mistari.

Kwanza nadhani sijawahi kukueleza sawasawa ni kitu gani ulichokikataza. Wewe uliondoka mtoto akiwa na miaka sita na nusu, anakunja maboti na kofia kama watoto wote. Sasa ana tisa. Mwaka jana nilimchukua kiwandani wakati wa likizo, na yule mzee wetu mfunga vitabu akampa ule mfupa laini anaotumia kunyooshea mikunjo, akamwonyesha jinsi ya kuikaza bila kuichana karatasi. Kuanzia hapo akawa anapunguza. Alianza na mraba wa kiganja, akaja wa sanduku la kiberiti, akaja wa ukucha. Kabla hujapiga marufuku alikuwa amefikia mraba wa milimita nane, na kutoka katika mraba huo anatoa panzi. Nimehesabu mwenyewe, dada: miguu sita, na miwili ya nyuma imepinda inavyotakiwa.

Ana kiberiti kimoja ambacho ndani yake kuna viti kumi na viwili na meza yao. Kuna kobe unayeweza kumpoteza chini ya punje ya mchele. Anatumia sindano mbili za kushonea na kile kibanio chako cha chuma ulichokiacha kwenye droo, na wakati anapokaza mkunjo wa mwisho haoni wala hasikii. Jina la Chembe alibandikwa na Baba hapohapo, nasi tumelisahau lile la kwenye cheti.

Unaweza kujiuliza karatasi alizipata wapi. Kwangu. Mashine ya kukatia karatasi kiwandani hutupa vipande vyembamba kila siku, mimi navizoa nakuja navyo mkobani. Alipotaka vyembamba zaidi nilimtafutia. Alipotaka vidogo zaidi nilimkatia. Nilipenda kumtazama. Anakaa pale dirishani kichwa kimeinama, karatasi iko upana wa kidole kutoka kwenye pua yake, mgongo umepinda, naye hapepesi macho. Niliwaita wafanyakazi wenzangu waje waone. Niliwaambia, tazameni umakini wa huyu mtoto. Neno nililotumia lilikuwa hilo, umakini, na nilijivuna kana kwamba nimemfundisha mimi.

Kisha ikaja ripoti ya shule, ile niliyokutumia. Mwalimu aliandika kwamba anazubaa darasani, kwamba ananakili vitu ambavyo havipo ubaoni, na kwamba katika hesabu amepata tano kwa ishirini. Wewe ukasoma ripoti hiyo ukiwa mbali, ukakumbuka yale niliyokuwa nakusimulia kuhusu panzi na viti, ukajumlisha. Hata mimi ningejumlisha vivyo hivyo. Sikulaumu.

Ila namna nilivyotekeleza amri yako, hapo najilaumu. Sikuwa na ujasiri wa kusema, mimi na mama yako tumeona hivi. Nilisimama mlangoni na barua yako mkononi nikamwambia, "Si mimi, ni mama yako amekataza." Nilijificha nyuma yako kwa sababu uko mbali na huwezi kusikia ukinung'unikiwa. Chembe hakulia. Alikusanya kila kitu, akapanga sandukuni, kisha akaniletea kile kibanio mwishoni, akasema, "Na hiki pia, kwa sababu kinafanya kazi ya karatasi." Nikaliweka sanduku juu ya kabati.

Wiki zilizofuata alama hazikupanda. Alizunguka vyumbani kama mtu aliyepoteza ufunguo na hataki kuwasumbua wenzake kuutafuta. Baba akaniambia, "Mmemtoa samaki majini mkidhani atajifunza kutembea." Nilimjibu kwamba hiyo ni amri yako, si yangu. Unaona, hata kwa Baba nilikusingizia wewe.

Sasa nije kwenye yenyewe. Jumamosi moja ya mwezi uliopita, asubuhi, saa ya mkono ya Baba ilisimama. Nikaipeleka kwa Fundi Saa, yule wa kibanda cha kona mkabala na duka la dawa, na Chembe nikamchukua anisindikize. Fundi akafungua saa, akabana lenzi yake jichoni, akawa anatafuta namba iliyochongwa ndani ya mfuniko. Aliigeuza, akaisogeza kwenye taa, akaanza kulalamika kwamba waliotengeneza saa hizi walichonga namba kwa ajili ya kusomwa na sisimizi. Chembe akasogea. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma, akasoma tarakimu zote saba, na herufi moja ya mwishoni, bila lenzi.

"Rudia," Fundi akasema.

Akarudia. Fundi akahakikisha kwa lenzi, moja baada ya moja, kisha akaivua jichoni na kuiweka mezani taratibu.

"Sasa mimi nafanya nini hapa? Njoo ukae wewe kwenye hiki kiti, mimi nikatafute kazi ya kuuza magazeti."

"Miguu yangu haitafika chini," Chembe akamwambia.

"Saa hazitengenezwi kwa miguu. Haya, fundi mpya, nisomee ile saa kubwa ya mbao pale ukutani, nijue kama umefika kazini kwa wakati."

Unakijua kile kibanda. Kutoka kwenye meza hadi ukutani hata hatua nne hazifiki, na ile saa ya mbao ina tarakimu kubwa kama mayai. Chembe akageuka kwa adabu akautazama ukuta. Akasubiri. Fundi naye akasubiri.

"Hiyo mpaka ilie," Chembe akasema.

"Mpaka ilie?"

"Si saa za ukutani mpaka zilie ndiyo ujue?"

Nilicheka, dada. Nilidhani ni utani, na nikafurahi kwamba amechangamka. Nilipomwangalia Fundi niliona yeye amekwisha kuacha kucheka. Akanyanyuka, akaenda akasimama chini ya ile saa, akamwinulia Chembe mkono.

"Mama, hivi vidole ni vingapi?"

"Sioni vidole. Naona umesimama."

Akarudi, akapangusa mikono kwa kitambaa chake, akaniambia kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Mpeleke akapimwe macho huyu. Asingoje likizo."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa namgombeza Fundi moyoni. Huyu anajua nini, fundi wa saa, anataka kunifundisha mtoto ninayeishi naye. Nilipofika nilifunga mlango wa chumba, nikachukua madaftari yake ya hesabu, na nikaazima daftari la mtoto wa jirani anayesoma naye darasa moja. Nikayaweka ubavu kwa ubavu kama ninavyoweka prufu na muswada. Ubaoni mwalimu aliandika 36 jumlisha 47. Chembe aliandika 86 jumlisha 41, akapata 127, na kwa namba hizo 127 ndilo jibu. Nikaenda mstari hadi mstari. Katika hesabu kumi na mbili zilizopigwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, kumi na moja alikuwa amezikokotoa sawasawa. Alikosea kunakili tu. Kazi yangu mimi, kazi ninayolipwa, ni kulinganisha kurasa mbili na kuona mahali zinapoachana. Sikuwahi kuzilinganisha.

Nimejiuliza sana tulikosaje kuona, watu watatu wazima pamoja nawe, na mmoja wetu muuguzi. Nadhani ni hivi. Katika nyumba yetu miwani ilikuwa cheti. Baba alipata yake akiwa chuo cha ualimu, na marehemu mama aliwasimulia majirani kwamba macho ya mumewe yameliwa na vitabu. Wewe ulipata yako mwaka wa pili wa uuguzi, tukakupongeza. Mimi niliyesoma kuliko ninyi wote macho yangu yalibaki makali kama ya mwewe, na sitakuficha, niliona wivu. Nilikuwa najifungia bafuni na miwani yako nikajitazama kwenye kioo nikiwa na kizunguzungu. Kwetu sisi mtu alistahili miwani kwa kusoma. Mtoto aliyekuwa wa tatu kutoka mwisho darasani angeipatia wapi? Hakuna aliyelisema jambo hili kwa mdomo. Lilikuwa limekaa tu katikati yetu, kama kiti ambacho hakuna anayekumbuka nani alikinunua.

Tulimpeleka Jumanne iliyofuata. Mpimaji macho ni kijana mpole, anazungumza na watoto kama anazungumza na wazee. Alimvalisha ile fremu nzito ya chuma ya kubadilishia lenzi, akawa anatoa moja anatia nyingine, anauliza, sasa je, na sasa? Chembe akawa anajibu kwa heshima, hapana, bado, kidogo. Kisha ikatiwa lenzi nyingine. Akageuza kichwa, fremu ikitaka kuanguka, akanitazama mimi nilipokaa kwenye benchi.

"Mama mdogo, umekasirika?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi ndivyo ulivyo."

Mpimaji alijifanya anaandika kitu. Nami nimekaa na maneno hayo mpaka leo. Inaonekana miaka yote hii alikuwa ananijua kwa sauti, na sauti yangu, nashukuru, ni mpole kuliko uso wangu. Sasa nafanya mazoezi ya kulegeza kipaji cha uso ninapomfungulia mlango. Baba anasema naonekana kama mtu anayezuia chafya.

Naomba nikueleze kwa uaminifu alichosema yule kijana, hata sehemu isiyonisaidia katika ombi langu. Alisema mtoto anaona karibu vizuri kabisa na mbali haoni. Alisema huenda ilianza tangu akiwa na miaka mitano au sita na imekuwa ikiongezeka. Alisema mara nyingi hali hii hurithiwa, akauliza nani katika familia huvaa miwani, nikakutaja wewe na Baba. Nilimuuliza waziwazi kama ni karatasi zilizomharibu. Akajibu kwamba hawezi kusema hivyo, ila kukaa saa nyingi na kitu puani hakumsaidii mtoto yeyote, iwe karatasi au kitabu. Alitaka atoke nje kila siku, acheze mahali penye mwanga wa jua, na anapofanya kazi ya karibu apumzike mara kwa mara na kutazama mbali.

Chembe alikuwa na swali lake moja. Aliuliza, "Nikivaa hizi, vidogo nitaendelea kuviona?" Yule kijana akamwambia kwamba anapofanya kazi ndogo anaweza kuivua miwani, na vidogo atavikuta palepale alipoviacha. Nilimwona mabega yanashuka. Kumbe hilo ndilo lilikuwa linamtisha tangu tulipotoka nyumbani, na hakumwambia mtu.

Miwani ilikuwa tayari baada ya wiki moja. Ni ya duara, ya rangi ya chai ya maziwa, inampendeza. Baba alimpokea mlangoni na kumpa mkono, "Karibu kwenye chama, mzee mwenzangu. Ada yetu ni kuitafuta miwani ukiwa umeivaa." Nilikwenda shuleni kumwona mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi ukanikosa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilimweka nyuma kabisa kwa sababu ndiye mtulivu. Wasumbufu ndio ninaowaweka mbele." Ana watoto sitini na wawili. Siku ileile alimhamishia safu ya kwanza. Jaribio la juzi la hesabu amepata kumi na tatu kwa ishirini. Saba zilizobaki ni makosa yake mwenyewe kabisa, na sijawahi kufurahia makosa ya mtu namna hiyo.

Kuna jambo jingine, na nimelizungushia kalamu kwa siku tatu nikifikiria kama niliandike. Siku tulipotoka kuchukua miwani, yule mshonaji wa ghorofa ya ng'ambo alitupungia mkono kutoka kwenye roshani yake. Chembe alisimama katikati ya njia.

"Anafukuza nzi?"

"Anatusalimia."

"Huwa anatusalimia?"

"Kila siku."

Alasiri yake tulikuwa tunaosha vyombo, yeye anapangusa, ndipo akaniuliza kama ile siku ya safari yako wewe pia ulipunga mkono. Nikamwambia ulipunga kwenye dirisha la basi mpaka lilipokata kona. Akapangusa sahani ileile muda mrefu. "Mimi nilidhani ameshaingia ndani," akasema. "Kioo kilikuwa cheupe tu."

Dada, katika barua yako ya kwanza kabisa uliniuliza kama Chembe alikuwa amekukasirikia, nami nikakujibu kwa haraka kwamba watoto ndivyo walivyo. Hukuuliza tena, lakini najua lilikukaa. Alikuwa amesimama mbele yangu, mikono ameiweka chini, anautazama ule weupe ulikokuwa wewe. Hakukunyima kwaheri. Nilitaka ulijue hili kwa maandishi yangu, ulihifadhi mahali.

Sasa ombi lenyewe. Jumamosi iliyopita nilipanda juu ya kiti nikalishusha lile sanduku. Nilikuwa nimeamua kukuvunjia amri na kukueleza baadaye. Nililiweka mezani mbele yake. Akaligusa kwa kidole kimoja, upande wa kifuniko.

"Mama ameandika?"

"Bado. Nitamwandikia mimi. Ila mimi nakupa ruhusa."

"Si ulisema aliyekataza ni mama?"

"Nilisema."

"Basi lirudishe."

Nilirudisha. Ningefanya nini? Alinikamata kwa maneno yangu mwenyewe, yale ya kujificha, na nilistahili. Mkataba anauona kuwa ni wenu wawili, wewe na yeye, mimi ni mbeba barua tu. Na usidhani kwamba anafanya kiburi. Mikono yake haijatulia tangu mwezi wa tatu. Akikaa mezani vidole vinakunja hewa, pembe kwa pembe, vinakaza mkunjo usiokuwepo. Jana nilimkuta amekunja ukingo wa shuka mara nne, kisha akaushtukia mkono wake mwenyewe na kuunyoosha haraka, kana kwamba ameiba.

Mimi naona hivi. Akunje nusu saa baada ya kumaliza kazi za shule, mimi nikiwa nimekaa naye na saa mezani. Nusu saa ikiisha anashuka chini kucheza na wenzake, na Baba ameahidi kushuka naye, goti likimruhusu. Karatasi ndogo kupita milimita kumi nisimkatie mpaka apimwe tena baada ya miezi sita. Kama wewe, kwa ujuzi wako, unaona hata hiyo ni nyingi, punguza. Wewe ndiye mama na wewe ndiye muuguzi. Lakini naomba usinipe mimi jibu nikampelekee. Mwandikie yeye. Hata likiwa hapana, liandike wewe, ulieleze, kwa mwandiko wako, kwenye karatasi ya peke yake yenye jina lake juu. Nimechoka kuwa mlango ambao ninyi wawili mnasikilizana kupitia ufa wake, na nadhani nimeyapindisha mara nyingi yale mliyokuwa mnasemezana. Hilo ndilo ninaloliombea radhi, kwako na kwake.

Usiumie sana ukisoma haya. Najua utaumia, najua pia utakwenda zamu ukiwa na macho mekundu na kuwaambia wenzako ni mafua. Hukumwona kwa sababu ulikuwa na karatasi zangu tu za kumwonea. Mimi nilikuwa naye meza moja.

Baba anakusalimu sana, anasema barua yako ya mwisho ilikuwa na makosa mawili tu na anakupa tisini na sita. Mshonaji wa ng'ambo anakusalimu. Mzee mfunga vitabu anaulizia habari zako kila Ijumaa, na Fundi Saa, ambaye hata hakujui vizuri, ameniambia nikuandikie kwamba kiti chake bado kinamngoja mtoto wako miguu itakapofika chini. Msalimie mkoromaji wako. Mungu akulinde mgongo na mikono yako, akupe usingizi wa kutosha, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Jambo la mwisho. Ukimaliza kusoma utaipindua bahasha na kuikung'uta juu ya meza kama unavyofanya kila mara, utafute kile kidude cha karatasi anachokutilia Chembe kwenye kona. Usiikung'ute, dada. Safari hii hakuna kitu. Nilimsihi atie hata kimoja cha zamani, akakataa. Alisema vya zamani vimo sandukuni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,

Mama mdogo wa Chembe